Gari linapanda, ila pete ya mbele ni hatari tupu

Gari langu la foo-wili niliingia nalo njia za mawe na makorongo vilevile lilivyotoka dukani: matairi yaleyale, springi zilezile, sijaongeza hata skrubu. Ningeandika sifa tupu kama si kile kichuma kilichoko chini ya bampa la mbele.

Kwanza nilipe haki yake. Linapanda. Ukiweka gia nzito linatambaa juu ya mawe bila kukimbizwa, na kwenye mteremko mkali injini yenyewe inalizuia, huna haja ya kung'ang'ania breki. Difu loki, yaani kifaa cha kufunga matairi ya pande mbili yazunguke pamoja, halina, kwa hiyo tairi moja likining'inia hewani linazunguka bure na lile lililoshika ardhi linakosa nguvu. Hapo kompyuta inabana breki ya tairi linalozunguka, nguvu inahamia upande wa pili. Usiachie mafuta linapoguguma; kanyaga taratibu, subiri, litashika. Siku ya kwanza kuliona likijinasua hivyo, gurudumu moja la nyuma liko juu kabisa, nilipiga kelele ya furaha. Matairi nayashusha upepo kutoka psi 35 hadi 20 hivi, yanalalia mawe vizuri, ingawa ubavu wake ni mwembamba mno. Zile ngazi za pembeni ng'oeni tu, ndizo zinazogonga kwanza.

Sasa nije kwenye kilichonikera. Tuliingia kwenye tope, gari likakalia tumbo, magurudumu yote manne yakawa yanachimba tu. Mwenzangu alikuwa mbele na gari lake, akatoa kamba. Siku ya kukabidhiwa gari, muuzaji aliigonga ile pete ya mbele kwa kidole, akasema, "Ukikwama, bosi, wakuvutie hapa." Basi tukafunga hapo. Mwenzangu alivuta polepole, hakurusha. Gari likasogea kidogo, halafu ukasikika mlio kama wa risasi. Pete ilikuwa imefunguka, rangi imebanduka pale chuma kilipokunjuka, bolti moja imepinda, na bampa limepasuka hadi kwenye taa. Bahati hakuna aliyekuwa amesimama karibu. Chuma kikichomoka kwenye kamba iliyokazwa kinaua mtu.

Nikarudi kwa waliouza. Wa mapokezi hata hakuinuka kitini. "Hiyo si ya kuvutia, ni ya kufungia gari melini lisitembee." Nikamwuliza, ya kuvutia iko wapi? "Haipo, inauzwa kando." Kisha akaniambia nimelipeleka gari kusiko kwake. Kusiko kwake! Ukutani, juu ya kichwa chake, kuna picha ya gari hilihili limesimama juu ya mwamba, tope hadi madirishani.

Nilitoka pale nimeshaamua: nyota moja. Baadaye nikatulia, maana gari lenyewe limenipitisha mahali ambapo sikutegemea gari lisilobadilishwa kitu lingepita. Kwa hilo linastahili nne. Lakini kila nikikumbuka tulivyosimama na kamba ile, na kwamba aliyenionyesha pete alikuwa mtu wao wenyewe, hasira zinapanda upya. Mtu anawezaje kuuza gari la kupanda milima asiliwekee mahali pa kulivuta? Nawapa mbili, na zote mbili ni za gia nzito.

Kama bado unalitaka, kabla hujalipa lala chini uangalie mwenyewe. Wakuonyeshe ndoano nene iliyofungwa kwenye chesisi, si kipete cha bati kilichojificha nyuma ya plastiki. Wasipokuwa nayo, waifunge kwanza ndipo usaini. Na atakayekuambia ufunge kamba kwenye kile kichwa cha duara cha kuvutia trela mkataeni kabisa, nacho kinakatika na kuruka.

Mimi bampa langu bado nawadai.