Nimecheza Sims 2 baada ya Sims 4: mimi naomba majirani walewale, ila wakumbuke

Sims ni gemu za kompyuta za kuendesha maisha ya watu wa kubuni, nyumba zao na majirani zao, na mi nimeanza mkiani nikarudi kichwani. Sims 4 nimeicheza karibu miaka miwili ndo nikaja kuigusa Sims 2, na nadhani hiyo imenisaidia kuona kitu ambacho mtu aliyezifuata kwa mpangilio anaweza asikione. Sims 4 nilianza nayo kwa sababu ni bure, toka Oktoba 2022 ile gemu ya msingi hulipii hata mia, unachohitaji ni bando la kuidanlodi na laptopu yenye nguvu kidogo. Sims 2 nimeinunua baada ya kurudishwa sokoni Januari 2025, dola 30 kasoro senti, na karibu nyongeza zake zote zimo humohumo ndani. Gemu yenyewe ni ya 2004. Watu wenye vichwa kama vya plastiki, majani ya mtaani bapa, usiku unasubiri mtaa ufunguke mpaka unaenda kuchemsha chai na kurudi. Na bado ndo hiyo inayonifanya nichelewe kulala.

Naandika hivi kwa sababu kila nikikaa na binamu yangu tukaanza kuota Sims ijayo iweje, yeye anataka sura mpya, mitaa mipya, majina mapya, anasema kina Goth, ile familia maarufu ya Sims, wametosha, tunao toka mwaka 2000. Mi nasema hapana, nipe walewale ila niwajue zaidi. Tumebishana sana hadi nikaona niandike nilichokutana nacho.

Siku ya kwanza nimefungua Pleasantview, mmoja wa mitaa ya Sims 2, nikaenda moja kwa moja nyumba ya kina Goth, maana ndo jina nililolizoea. Kule Sims 4 Bella yupo, gauni lake jekundu, mume wake Mortimer, Cassandra ni tineja, Alexander bado mtoto, familia imetulia kabisa. Sasa huku naingia, Bella hayupo. Kapotea, inasemekana viumbe wa angani wamemchukua, na Mortimer amezeeka, mvi kichwa kizima, Cassandra keshakuwa mtu mzima kachumbiwa na Don Lothario, na huyo Don wakati kamvisha mwenzie pete ana mambo yake na Dina Caliente, na Nina ndugu yake Dina, na hadi yule dada anayefanya usafi majumbani. Nilikaa pale nimeisimamisha gemu nasoma tu. Sijamwambia mtu yeyote afanye kitu chochote na tayari roho inaniuma kwa ajili ya Cassandra.

Halafu ukianza kufukua ndo unachoka. Kwenye Sims ya kwanza kulikuwa na kijana anaishi peke yake, Michael Bachelor. Hana mengi, ni kapera na jina lake linasema hivyohivyo. Kwenye Sims 2 Michael ameshakufa, na alikuwa mume wa Dina. Na ukiangalia ukoo unakuta Bella alizaliwa Bachelor, yaani Michael ni kaka yake. Kwa hiyo Dina ni wifi yake Bella, mke wa marehemu kaka yake, na sasa Bella hayupo Dina anamnyemelea Mortimer. Yaani wifi! Pale ndo nilielewa watu wanaposema gemu fulani ina kina. Kijana aliyekuwa jina tu kwenye nyumba ndogo, miaka 4 baadaye wamemtumia kuunganisha familia mbili bila kumrudisha hata akiwa hai. Na ilivyokuja Sims 3 mwaka 2009 wakarudi nyuma, hadithi iko miaka 25 kabla ya ile ya kwanza, unamkuta Bella na Mortimer wangali watoto kwenye mtaa wa Sunset Valley, na Michael yupo na dada yake. Nikawa nawaangalia wale watoto wawili wanacheza huku najua yatakayowakuta. Hakuna sura mpya inayoweza kunipa hisia ile, kwa sababu sura mpya sijui imetoka wapi wala inaenda wapi.

Basi harusi. Hii nataka niielezee vizuri. Nilimwona Cassandra anatamani kuolewa, maana Sims 2 kila mtu anakuonyesha anachotamani na anachoogopa, na yeye ni wale ambao ndoto yao kubwa ni familia. Nikasema sawa, labda Don akioa atatulia. Nikanunua tao la maua nikaliweka nyuma ya nyumba, karibu na makaburi ya ukoo maana hapakuwa na nafasi kwingine, nikaita watu, Mortimer kavaa suti, Alexander yupo. Nikambonyeza Cassandra, nikamchagulia waoane. Wakasimama chini ya tao wanaangaliana. Don akageuka akaondoka. Hivihivi, mbele ya watu, mbele ya baba mtu. Cassandra akabaki pale analia na gauni lake, kile kipimo chake cha furaha kikaporomoka mpaka chini, na wageni wengine washaanza kujipakulia chakula.

Nilichofanya baada ya hapo ni kufungua kumbukumbu zake. Kila mtu kwenye Sims 2 ana orodha ya yaliyomkuta maishani, alivyokua, alivyobusiwa mara ya kwanza, nani wamemfia. Na ile siku ikawa imeandikwa pale na picha yake, kuachwa siku ya harusi, na haifutiki. Siku nyingi za gemu zimepita, Cassandra akikaa na mtu akapiga stori, unaona juu ya kichwa chake linatokea lile jambo. Anasimulia, mwenyewe, sijamwamuru.

Sasa rudi Sims 4. Nisiseme ni mbaya, nimecheza saa nyingi mno kuisema vibaya. Kutengeneza mtu hakuna inayoifikia, unavuta pua kwa mkono unavuta shavu, nguo zinapendeza, kujenga nyumba ni raha tupu, na zile hisia zao, mtu akiwa na aibu anatembea kwa aibu kweli. Ila hisia zinapita. Nilimtukana Bella Goth mbele ya watoto wake, makusudi, nilitaka kuona, kesho yake nikamtania mara mbili tatu tukawa marafiki. Anafiwa na mtu, analia siku chache, kisha kimya, anapika keki. Mwaka 2020 waliongeza kitu cha chuki na mapenzi ya muda mrefu kati ya watu, mtu anabaki na kinyongo au shukrani kwa mwenzie, na 2023 ikaja nyongeza ya Growing Together inayogusa mambo ya familia, mtoto na mzazi wasioelewana na kadhalika. Nilifurahi, na ni kweli mambo yalibadilika. Lakini hebu ona, hizo zote ni kazi ya kuwapa kina watu waliokuwepo tayari, na ndizo nyongeza nilizozikumbuka mimi. Mitaa mipya iliyokuja na familia zake kibao nakumbuka mandhari, bahari, milima, majina ya watu yamenitoka yote. Wanakuja siku ya kuhamia na keki yao ya matunda, wanne watano mlangoni, wanapiga picha, wanaondoka, na mimi sijui hata mmoja wao anamchukia nani.

Binamu yangu ananijibu hapo, na jibu lake lina uzito nalikubali. Anasema mbona Strangetown na Veronaville, ile mitaa mingine, zilikuwa mpya kabisa kwenye Sims 2, na wewe mwenyewe hujaacha kumwongelea Olive Specter. Kweli. Olive ni bibi mmoja anaishi jangwani na mtoto wa ndugu yake, Ophelia, na uwani kwake kuna makaburi, mengi kuliko bibi mmoja anavyostahili kuwa nayo, na ukisoma kumbukumbu zake taratibu unaanza kuelewa wale watu walifikaje pale. Sura mpya, na amenishika kuliko mtu yeyote. Lakini Olive kaja na umri wake. Kaja na maiti zake, na mpwa anayelala chumba cha pili, na siri ambayo ilianza kabla mimi sijawasha kompyuta. Hakutupwa mtaani kujaza nyumba. Nikimpima mgeni yeyote wa gemu hizi namuuliza jambo moja tu kichwani mwangu: nikimtendea ubaya leo, mwezi ujao atanitazamaje? Olive ana jibu. Wengi wa Sims 4 hawana.

Kwa hiyo nikipewa nafasi ya kuongea na wanaotengeneza, ningesema waanzie kwa waliopo. Mtu mpya aje kwa kuolewa, aje ni mtoto wa nje aliyefichwa, aje anamdai Mortimer. Nimekulia nyumba ya kupanga, vyumba sita uwanja mmoja, mpangaji mpya akija kesho yake asubuhi mama zetu wameshajua ametokea wapi na kwa nini amehama kule, na kuanzia hapo yeye ni mwenzetu. Akihamia mtu asiyesema kitu hata mwaka ukipita tunamwita tu yule wa chumba cha mwisho. Pleasantview inanikumbusha ule uwanja. Kina Pleasant wana mapacha wawili, Angela na Lilith, mmoja ndo mboni ya macho ya wazazi, mwingine hapendwi, na nyumba nzima unaiona imeinamia upande mmoja. Nilitumia wiki nzima ya gemu kumkalisha Lilith meza moja na mama yake, kila jioni maneno mawili matatu, ule mstari wa uhusiano unapanda kidogo unashuka kidogo, na siku mama yake alivyomkumbatia bila mimi kubonyeza chochote nilimwita mdogo wangu aje aone.

Kasoro za Sims 2 zipo. Mitaa haiunganiki, mfano mzuri ni kwamba kule Strangetown anaonekana Bella Goth anatembea barabarani na huna njia salama ya kumrudisha kwa Mortimer, inatesa. Kumbukumbu nazo zinajaza upuuzi, mtu anatunza kwamba rafiki wa rafiki yake kapata mtoto. Na ile kusubiri gemu ipakie ukitoka nyumba moja kwenda nyingine, hata ukiwa umezoea ile ya Sims 4 unaweza kukata tamaa siku ya kwanza. Vumilia. Ukiwa na uwezo wa kununua moja tu kati ya nyongeza moja kubwa ya Sims 4, ambayo ni dola 40 kasoro senti, na Sims 2 yote nzima, mi nakwambia chukua Sims 2 ubaki na chenji.

Shangazi yangu alikuwa kwetu kipindi kile kwa ajili ya matibabu, jioni anakaa nyuma yangu na kanga yake anaangalia. Hajui kompyuta, na wale watu wanaongea lugha yao isiyo lugha, ila ile harusi aliiona kwa macho yake. Alisonya mpaka nikageuka. Toka siku hiyo kila akipiga simu kutoka kijijini, akishamaliza kusalimia na kuulizia wote nyumbani, ananiuliza yule binti aliyeachwa mbele ya baba yake ameshapata mtu? Kulikuwa na jirani, Darren Dreamer, mgane, ana kijana wake Dirk, msanii, na toka mwanzo wa gemu alikuwa anampenda Cassandra kimyakimya, kaandikiwa hivyo, sijambuni mimi. Niliwapeleka polepole mno. Sikutaka kumharakisha.

Wameoana Jumamosi iliyopita, tao lilelile, pale pale karibu na makaburi. Mortimer alikuwa bado hai, nilihakikisha. Nikafungua kumbukumbu za Cassandra, ile ya Don ipo, na mbele yake imekaa hii mpya. Nikampigia shangazi. Akauliza, huyo mtoto wa mwanaume anampenda mama yake wa kambo? Nikamwambia shangazi ndo naangalia hapa, leo asubuhi wamekaa meza moja.