Sicily au Iona: kisiwa kipi kinafaa riwaya ya siri?

Mtunzi anayetaka riwaya ya upelelezi yenye chama cha uchawi kisiwani ana visa viwili vya kweli vya miaka ya 1920.

Huko Cefalù, mji wa kisiwa cha Sicily, Italia, Mwingereza mchawi Aleister Crowley alianzisha jumuiya yake ya uchawi mwaka 1920. Februari 1923 mfuasi wake kijana, Raoul Loveday, akafa. Mkewe, Betty May, alirudi London na kuwamwagia wanahabari habari za kutisha. Kumbe huenda kilichomuua Loveday ni maji machafu tu ya chemchemi. Miezi miwili baadaye serikali ya Mussolini ikamfukuza Crowley. Kisa kitamu, ila Crowley anawameza wahusika wengine wote, na msomaji ameshamshuku tangu ukurasa wa kwanza.

Iona, Scotland, ni kisiwa cha urefu wa kilomita 5 hivi, mgeni hafichiki. Novemba 1929 Netta Fornario, naye mfuasi wa uchawi, alikutwa amekufa nyikani, uchi chini ya joho jeusi. Taarifa rasmi haikutaja mkono wa mtu. Hata hivyo Dion Fortune, mwandishi wa mambo ya uchawi aliyemfahamu, alidokeza kwamba Moina Mathers, mkuu wa chama cha uchawi cha Netta, alimshambulia kiroho. Mathers alikuwa amefariki mwaka 1928! Mshukiwa ambaye tayari ni marehemu: mtunzi atake nini zaidi?

Mimi ningechukua Iona, ingawa Netta alikufa peke yake na chama kilikuwa mbali. Anayetaka vikao vya usiku na michoro ya ajabu ukutani aende Sicily.