Tanglewood: uende mwenyewe au usikilize redioni?

Kila kiangazi okestra ya Boston inahamia Tanglewood, makao yake ya kiangazi pale Lenox, kwenye milima ya Berkshires huko Massachusetts, Marekani, mambo hayo yalianza 1937. We una njia mbili, ufunge safari au ufungue redio ya WCRB 99.5 FM ya Boston, maana konseti zake wanazirusha laivu na ukiwa mbali unazipata kwa intaneti.

Watu wanaidharau redio bure. Maiki zinakaa karibu na wapigaji, kwa hiyo filimbi ikiingia peke yake unaisikia mpaka pumzi, tena bila mtu kukutafunia chipsi sikioni. Shida ukisikiliza kwenye gari, pale wanapopiga taratibu husikii kitu, unaongeza sauti, halafu ghafla tarumbeta hizo, karibu uache barabara!

Kule kwenyewe ni raha nyingine. Kuna banda kubwa lisilo na kuta pembeni, viti kama 5,000, walilijenga 1938 baada ya mvua kuharibu konseti ya muziki wa mtunzi Wagner iliyokuwa inapigwa kwenye hema. Lakini wengi wanakaa nje kwenye nyasi, tiketi nafuu, unatandika mkeka, unafungua hotpoti, watoto wanakimbia, na ukweli muziki wenyewe unausikia kupitia spika tu, na mvua ikija unalowa.

Kwa hiyo vipande vya upole mi nabaki na redio. Ila Simfoni ya Tisa ya Beethoven, ambayo kwa kawaida ndo wanafungia msimu, ile kwaya yake ya mwishoni nenda ukaisikie kwa masikio yako, na ubebe sweta.