Nimetumia ile dawa ya kuziba ngozi za makochi: kiti kimepona, kochi limenishinda

Naanza na hela maana najua ndo swali la kwanza, nimelipa shilingi 38,000 jumlisha boda wa kuniletea hapa Tabata, Dar. Ndani ya boksi kuna vikopo 7 vya rangi (hiyo rangi ndo dawa yenyewe), vidogo kama vya rangi ya kucha, kijiko cha plastiki cha kupakia, kipande cha kitambaa, vikaratasi vyenye mikunjo mikunjo ya kuigiza ngozi, na kidude cha chuma chenye mpini ambacho unakipasha juu ya pasi. Karatasi ya maelezo ni Kichina na Kiingereza cha kubahatisha, nilienda na picha tu.

Kwenye tangazo walionyesha kochi limechanika mkono unapita, afu video inakata linatokea linang'aa kama limetoka dukani leo. Mi nikajua nimepona, maana kochi langu la watu watatu lina miaka mitano na lilikuwa linachunika magamba meusi, mgeni akikaa na nguo nyeupe anaondoka kama ametoka kuuza mkaa. Nilikuwa nishachoka kutandika mashuka.

Ila bahati nzuri sikuanza na kochi. Nilianza na kiti cha dining cha reksini (ngozi bandia) ya kahawia ambacho mtoto wa dada yangu alikitoboa na bisibisi, tundu la sentimita kama 4 limekaa kama herufi L. Hapa jamani lazima niseme ukweli, dawa imefanya kazi. Nilikisafisha kwanza kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, nikaacha kikauke kabisa kabisa maana mafuta ya mikono yakibaki ile dawa haishiki. Nikakata kile kitambaa kikubwa kuliko tundu, nikakiingiza kwa ndani nikakinyoosha na kibanio cha nyusi cha wife (hajui mpaka leo), nikapaka gundi, nikazikutanisha zile kingo nikaweka kitabu kizito juu yake usiku mzima. Usiiruke hii hatua, bila kiraka cha ndani ile dawa inakuwa inaning'inia hewani, siku ya kwanza ukikaa tu inapasuka.

Kuchanganya rangi ndo kulinitoa jasho. Kahawia ya kwenye kikopo ilikuwa imewaka mno, nikaongeza nyeusi tone moja, ikawa kama chokoleti, nikaongeza njano, nyekundu, yaani nusu saa nzima nakoroga kwenye kisosi. Kumbe ikikauka inakolea zaidi, kwa hiyo unatakiwa uichanganye iwe imefifia kidogo kuliko rangi ya kiti, na ujaribie chini ya kiti ambako hakuna anayeona. Afu unapaka nyembamba, unasubiri ikauke, unapaka tena. Mi nilipaka mara 4. Ukijaza yote kwa mpigo, juu inakauka ndani inabaki uji.

Kile kidude cha moto nakuomba ukiogope. Reksini ni plastiki, inayeyuka. Nilikigusisha juu ya kikaratasi sekunde chache tu, nikasikia harufu, nikatoa mkono mbio. Mikunjo ilitokea lakini, na ukisimama mita moja huoni kitu, labda upapase na kidole. Kiti nakipa 8 kwa 10, huu ni mwezi wa tatu tangu nikizibe na tunakikalia kila siku.

Sasa kochi. Nilitumia wikendi nzima, nikakwangua magamba, nikapiga msasa laini, nikapaka nyeusi karibu kikopo chote. Jumapili jioni limependeza nikapiga na picha nikatuma kwa ndugu. Wiki mbili hazijaisha, pembeni ya pale nilipopaka pameanza kuchunika upya, na safari hii linatoka gamba la zamani pamoja na dawa yangu juu yake. Nikamwandikia muuzaji, akajibu "hukusafisha vizuri boss", afu kimya.

Nikaita fundi makochi kutoka Keko. Hakuangalia hata juu, alilala chini akachana kile kitambaa cha chini, akavuta ukingo wa ile "leza" (ndo ngozi hiyo kwa Kiingereza cha dukani) akanionyesha: juu kuna ngozi ya plastiki nyembamba kama karatasi, katikati kuna kitu kama unga unga umegandishwa, nyuma kitambaa. Akasema hii ni mabaki ya ngozi yamesagwa yakachanganywa na gundi, ndo maana dukani wanakuambia ni ngozi na kweli hawadanganyi sana. Ile plastiki ya juu unyevu, joto na jasho vinaila taratibu mpaka inaachia, na kwa hewa ya Dar hapa haichukui miaka mingi. Ikishaanza kuachia hakuna dawa, unapaka rangi juu ya kitu ambacho chenyewe hakijashika popote. Ngozi yenyewe ukiigeuza nyuma ina manyoya manyoya kama ya suedi, haina kitambaa. Reksini ina kitambaa nyuma lakini haina ule unga. Dakika mbili za kuangalia nyuma zingeniokolea wikendi yangu.

Kitu kingine, nilikuwa nalipaka lile kochi mafuta ya nazi kila mwezi ling'ae. Fundi alicheka. Yananata, yanavuta vumbi, na ngozi haili. Spiriti na dawa ya kutoa rangi ya kucha ndo usiguse kabisa, zinaondoka na rangi ya juu, nilishawahi kufuta wino wa kalamu nikabaki na doa jeupe. Kitambaa chenye unyevu na cha kukaushia papo hapo, basi, na kochi lisikae dirishani juani. Begi la mzee ambalo ni ngozi kweli, kipindi cha masika linaota ukungu, nalifuta na siki iliyozimuliwa na maji nalianika kivulini, afu mafuta yake maalumu ya ngozi kidogo tu. Lile halikuhitaji hata hii dawa.

Kwa hiyo kama una tundu, mchano mdogo au paka kakwaruza kwenye reksini au ngozi yenyewe, nunua, 38,000 ni nafuu kuliko kuita fundi. Kama linabanduka magamba usinunue, tunza hela yako. Kochi langu lipo Keko sa hivi, fundi kataka mita 5 za kitambaa kwa sehemu za kukalia na mikono tu, na mara hii nimechagua kitambaa cha kawaida, hizo leza nimezisamehe. Vikopo vimebaki vitano, nyeusi na kahawia ndo zimeisha, sijui hii ya bluu nitaipeleka wapi.