Mliotoka vikosini, pitieni kwanza kwa huyu dada wa CV Mwanakwerekwe

Ndugu zangu mliotoka vikosini, iwe vikosi vya hapa Zanzibar kama JKU, KMKM na Valantia, au jeshini JWTZ, kuna steshenari ndogo Mwanakwerekwe si mbali na soko, nendeni hapo kabla hamjapeleka maombi popote. Kwa nje utaona ya fotokopi na picha za paspoti tu lakini dada anaekaa ndani kazi anaijua wallahi.

Mana sisi tukitoka kila mtu anatuona walinzi. Kuna ofisi moja ya ajira nilipita kabla, wakachukua hela ya fomu, hata kuuliza nilikuwa nafanya nini hawakuuliza, nikaambiwa kuna nafasi ya geti usiku, bas. Ulinzi ni kazi ya heshima na siisemi vibaya, lakini mie miaka yote kikosini nilikuwa stoo, napokea mali, nagawa, natia kwenye leja, mkaguzi akija hesabu lazima ikae sawa.

Huyu dada hakukimbilia kompyuta. Aliniuliza kwanza, stoo ina nini, funguo anakaa nazo nani, likipungua dumu moja la mafuta nani anaulizwa. CV niliyokwenda nayo juu kabisa ilikuwa na cheo na kozi za kijeshi, akazishusha chini, juu akaweka kupokea mzigo, kuhesabu mali kila mwezi, kutunza leja, kusimamia vijana, akanambia kaka, mwenye hoteli anataka kujua mchele wake na gesi yake havitopotea, hayo mengine atayasoma baadae. Halafu akajifanya meneja akaanza kunihoji, mie najibu ndiyo, hapana, akasema huko ulikotoka jibu fupi ni adabu lakini huku watu wanataka uwaeleze, toa mfano. Tukarudia mpaka ulimi ukalainika. Akanambia pia nisingoje Juni, hoteli nyingi za pwani zinapunguza watu wakati wa masika na kabla msimu wa watalii haujafunguka ndo zinatafuta wapya, nikapeleka mapema na saa hizi nipo stoo ya hoteli upande wa Kiwengwa, alhamdulillahi.

Kilichonifanya nimuamini hasa ni mwenzangu aliekuwa akifanya kazi kwenye boti za KMKM, anataka kuingia meli za abiria. Dada angeweza kula pesa yake tu akamwandikia, lakini alimwambia wazi CV peke yake haitoshi, aende DMI, chuo cha mabaharia Dar, akachukue kozi za msingi za STCW, yaani zile za kimataifa za mabaharia, kujiokoa baharini, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama wa kazi, kisha ndo arudi kwake.

Kasoro ipo. Foleni ya wanafunzi inachosha, printa inagoma, na Kiingereza chake anakijaza maneno makubwa, mwambieni apunguze kwa sababu kwenye intavyuu mtaulizwa hayohayo yaliyoandikwa. CV na barua ya maombi mie nililipa 10,000/= na akanitumia na kwenye simu.

Mkienda chukueni kitambulisho cha Mzanzibari, vyeti vya skuli, barua ya kutoka kazini na vyeti vya kozi zote za kikosini hata vile mnavyoviona si kitu, udereva, upishi, huduma ya kwanza, vyote, yeye atachagua. Nendeni asubuhi, Ijumaa anafunga mapema.