TAHADHARI: ukilalamika kwenye peji ya kampuni, anayekuwahi inboksi ni tapeli

Jamani naandika hii bado nina hasira kwahiyo mtanisamehe, ila someni hasa nyie mnaouza vitu WhatsApp kama mimi.

Ijumaa iliyopita natoka Kariakoo na mzigo wa vitenge, niko kwenye daladala, nikamtumia fundi wangu elfu 45 nikakosea namba ya mwisho. Jina lilitokea kabisa kabla sijaweka namba ya siri, sio la fundi, nikabonyeza hivyo hivyo maana konda ananidai nauli na mtoto wa watu kaniegemea kalala. Kosa langu hilo nakubali. Nikapiga 100, huduma kwa wateja wa mtandao wangu wa simu, bonyeza moja, bonyeza tatu, muziki, muziki, simu ikakata. Nikapiga tena hivyo hivyo. Mara ya nne nikasema ngoja niwaanike, nikaenda kwenye peji yao ya Facebook nikakomenti kwa hasira kwamba nimekosea muamala na simu hampokei, mnatujali tukiwa tunanunua vocha tu.

Hazikupita dakika tatu, inboksi ikalia. Logo ile ile, rangi zile zile, jina limeandikwa Huduma kwa Wateja. "Pole sana mpendwa mteja kwa changamoto uliyoipata 🙏 tafadhali tupatie namba yako na kiasi tukurudishie fedha yako." Nyie nilifurahi! Nikasema kumbe ukiwachamba hadharani wanaamka. Hapo ndipo nilipoliwa, kwasababu kampuni haijawahi kunijibu kwa dakika tatu tangu nianze kutumia laini yao, ilitakiwa nishtuke hapo hapo.

Akanipigia kabisa. Kijana ana sauti ya upole, na nyuma yake unasikia watu wengine wanaongea kama ofisini kweli. Hakuniomba namba ya siri, tena akaniambia "mama usimpe mtu yeyote namba yako ya siri hata sisi." Si unamwamini mtu wa hivyo? Akasema itaingia meseji yenye namba sita za kuthibitisha kwamba muamala ni wangu, nimsomee tatu tatu. Ikaingia, nikamsomea. Na kwenye meseji yenyewe ilishaandikwa ni ya WhatsApp na usimpe mtu, lakini ukiwa na simu sikioni huku unachungulia kioo unasoma namba tu, maneno huyaoni. Akasema asante, subiri dakika kumi na tano. Baada ya kama dakika mbili WhatsApp yangu ikanitoa.

Kumbe elfu 45 hawakuwa na shida nayo kabisa, walikuwa wanataka akaunti. Meseji zangu za zamani hawezi kuziona maana zinabaki kwenye simu yangu, lakini magrupu yote anaingia nayo, na kule kuna wateja na ukoo mzima. Akaanza: "nimekwama kidogo, nisaidie laki na nusu nakurudishia jioni, tuma namba hii ya wakala." Mteja wangu wa Mbezi katuma elfu 80 akijua ni ya mzigo. Shangazi yangu Tanga kanyonywa laki na nusu yote. Aliyeokoka ni mama mkubwa, na kilichomwokoa ni salamu, maana tapeli kamwandikia "mambo". Mimi nimwandikie mama mkubwa mambo?! Akanipigia kwa simu ya kawaida kwa ukali, we mtoto umeanza lini kunisalimia hivyo, ndio nikajua moto umeshawaka.

Sasa yakikukuta, usipoteze muda kulia kama mimi nilivyolia robo saa. Ingiza namba yako upya WhatsApp, omba meseji ya uthibitisho, ukiweka zile namba sita yeye anatolewa. Mimi nilikuta ameshaweka pini yake ya hatua mbili kwahiyo nikaambiwa nisubiri siku 7 ndio niingie, ila hata ukisubiri yeye anakuwa ameshatoka, hilo ndilo la muhimu. Huku unapiga simu za kawaida kwa watu wako na kumwomba mtu atangaze kwenye magrupu. Na ambaye hajaibiwa aende leo kwenye Mipangilio, Akaunti, aweke hiyo pini ya hatua mbili mwenyewe na barua pepe juu, ningekuwa nayo zile namba sita peke yake zisingemfikisha popote.

Ile meseji ya kuomba hela shangazi aliyotumiwa tena kwa SMS tumeifowadi kwenda 15040, namba ya kuripoti meseji za matapeli, wanakuuliza namba iliyotuma unawaandikia. Polisi nimechukua RB, ile namba ya kesi yako, ila hela matapeli walishaitoa siku ile ile. Pia piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako, mimi kwa uoga niliopata nilikagua na ziko sawa.

Baadaye kwa utulivu nikaikagua ile peji ya tapeli iliyonijia inboksi. Ukigusa sehemu ya kuhusu peji Facebook wanakuonyesha ilifunguliwa lini na imewahi kuitwa nani. Hii ilianza kama peji ya mikeka ya kubeti mpira! Wafuasi mia mbili na kitu. Na nikapitia komenti za wengine waliolalamika chini ya ile peji halali, kila mmoja kajibiwa na akaunti za dizaini hiyo hiyo, "pole mpendwa njoo inboksi". Wamekaa pale kama kunguru wa feri, anasubiri nani kadondosha samaki.

Jana, siku ya tano, nikapata meseji nyingine. Hii ina tiki ya bluu, peji ni yenyewe, nimekagua mara tatu. "Pole sana mpendwa mteja kwa changamoto uliyoipata, tafadhali tupatie namba yako na kiasi." Neno kwa neno. Sijajibu mpaka sasa, na kule 100 muziki bado unapiga.