Kusoma kanda za kompyuta kuu kwa Linux: uzoefu wangu na mt na dd hapa Dodoma

Ukiwa na kanda za sumaku zilizoandikwa kwenye kompyuta kuu (mainframe) za IBM, usikimbilie kununua programu ya bei kubwa. Amri mbili za bure za Linux, mt (inayoiendesha draivu ya kanda) na dd (inayonakili data), zinatosha kabisa, mradi ufuate utaratibu. Kwa amri hizo mimi nimeokoa takwimu za mvua za Kondoa, Mpwapwa na Manyoni. Zilichakatwa Ulaya, zikarudi nchini kwenye kanda za nusu inchi zenye njia tisa, zikalala kabatini kwa kukosa mashine ya kuzisoma.

Draivu ninayotumia ni HP 88780 ya mtumba, yenye kiunganishi cha SCSI. Inasoma msongamano wa baiti 1600 na 6250 kwa inchi, na inajipachikia kanda yenyewe. Adui wake ni vumbi. Ule upepo wetu wa kiangazi unapenyeza vumbi jekundu hata madirisha yakifungwa, na chembe ndogo kwenye kichwa cha kusomea inatosha kuleta makosa. Kabla ya kila kanda nasafisha kichwa kwa pamba na alkoholi, nakiacha kikauke. Na usianze kusoma bila UPS, maana umeme ukikatika kanda ikiwa mbioni unaweza kuikunja.

Kazi yenyewe inaanza na mt -f /dev/nst0 setblk 0, ili draivu ikubali bloku (mafungu ya data kwenye kanda) za urefu wowote. Ile n ya nst0 ina maana kubwa: kanda hairudi mwanzo kila amri inapoisha. Kisha dd if=/dev/nst0 of=01.bin bs=64k. Hapo dd inasoma hadi alama ya mwisho wa faili, inasimama. Unairudia kwa 02.bin, 03.bin, hadi ukute alama mbili zinazofuatana.

Kwenye kanda zenye lebo za kawaida za IBM, faili ya kwanza ina lebo pekee, za baiti 80 kila moja: VOL1, HDR1, HDR2. Isome kwa makini. HDR2 ndiyo inayokuambia kama rekodi zina urefu mmoja au tofauti, na ukubwa wa bloku ni upi. Nimeona watu wakiiruka, kisha wanahangaika kubahatisha kitu kilichoandikwa waziwazi.

Sasa jambo ninalotaka kila mtu alishike. Kompyuta hizo zinaandika herufi kwa EBCDIC, msimbo wa herufi wa IBM ulio tofauti na ASCII ya kompyuta nyingine, na dd ina kigeuzi chake, conv=ascii, tangu miaka ya 1970. Usikitumie wakati wa kusoma kanda. Hifadhi kwanza baiti kama zilivyo. Sababu ni kwamba programu za lugha ya COBOL mara nyingi huhifadhi namba kwa kuzibana, tarakimu mbili kwenye baiti moja, na alama ya chanya au hasi mwishoni. Mvua ya milimita 12.5 inaweza kukaa hivi, baiti zikiandikwa kwa heksadesimali: 00 12 5C, ambapo C ni alama ya chanya. Kigeuzi kinadhani 5C ni herufi ya nyota (*), kinaiandika 2A, ambayo ndiyo nyota ya ASCII. Ukifungua namba hiyo unapata 12.2, na A nayo inakubalika kama alama ya chanya, kwa hiyo hakuna kosa litakaloonekana popote. Mvua ya Kondoa imepungua na hakuna aliyejua. Kwa mtafiti anayepanga kilimo cha mkoa mkavu kama huu, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Baada ya kuhifadhi, naandika programu fupi ya Python inayogeuza sehemu za maandishi tu na kufungua namba zilizobanwa kwa njia yake.

Upungufu wa dd ni kwamba inaunganisha bloku zote bila kuonyesha mipaka yake. Rekodi za urefu tofauti aina ya VB zina baiti nne za urefu mwanzoni mwa kila bloku, hivyo mipaka inapatikana tena. Aina ya U, isiyotaja urefu wowote, haina msaada huo. Kwa hizo natumia programu inayotoa faili za .tap za SIMH (programu inayoiga kompyuta za zamani), ambazo huandika urefu wa bloku kabla na baada yake. Kwa sababu hiyo naipa dd nyota nne kati ya tano, na mt zote tano.